Fedha za umma, mtaji wa watu binafsi, na kazi iliyopo katikati

Mwekezaji binafsi anapokataa kuweka fedha zake katika kampuni changa, mara nyingi hajalikataa wazo. Amekataa kwa sababu hana namna ya kujua lipi kati ya mambo aliyoelezwa ni la kweli, na gharama ya kulijua inakula faida yote ambayo angeitarajia. Kumlipa wakili, mhasibu na mtaalamu wa teknolojia wakague kampuni yenye wafanyakazi wanne hakupishani sana na kukagua kampuni yenye wafanyakazi arobaini, kwa hiyo mitaji huenda kwa wakubwa, na wadogo hubaki na ndugu, marafiki na mikopo ya kwenye simu. Kazi inayonilisha ni kuandaa hesabu za kampuni ndogo, na swali ninaloulizwa kuliko mengine yote na waanzilishi wake ni kama vituo atamizi, yaani vituo vya kulelea kampuni changa, vinavyoendeshwa kwa fedha za umma vinasaidia kweli kupata wawekezaji, au ni mahali pa kupata intaneti ya bure na vyeti vya kutundika ukutani.

Jibu langu ni kwamba vinaweza kusaidia sana, lakini si kwa vile vitu vinavyopigwa picha siku ya uzinduzi. Meza, viti, printa ya vifaa vya plastiki na hotuba ya mgeni rasmi havimshawishi mtu mwenye fedha zake. Kinachomshawishi ni kazi ya kuchosha inayofanyika katikati, baina ya siku kampuni inapopokelewa na siku inapokaa mezani na mwekezaji, na kwa bahati nzuri jambo hili limepimwa vizuri katika nchi kadhaa kiasi kwamba hatulazimiki kubishana kwa hisia.

Mfano ninaopenda kuuanza ni wa Chile. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo, kupitia shirika lake la maendeleo liitwalo CORFO, ilianzisha programu ya Start-Up Chile jijini Santiago. Ilitangaza kwamba mjasiriamali kutoka popote duniani atakayechaguliwa atapewa dola 40,000 za Marekani bila kudaiwa hata hisa moja, kibali cha kuishi nchini kwa mwaka mmoja na mahali pa kufanyia kazi. Malalamiko yalikuwapo, na hayakuwa ya kijinga: kwa nini kodi ya mvuvi wa Valparaíso impe mtaji kijana wa California ambaye muda wake ukiisha atapanda ndege na kurudi kwao? Wengi walirudi kweli, na programu ikabadilishwa zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata ili iwe na manufaa zaidi kwa wenyeji na kwa kampuni zitakazobaki. Lakini kwa kuwa waombaji walikuwa wengi kuliko nafasi, na kwa kuwa kila mmoja alipewa alama na kupangwa kwa mfuatano, Chile iliacha nyuma kitu ambacho programu nyingi za namna hii haziachi, yaani orodha ya waliopita kwa tundu la sindano na ya waliokosa kwa tundu la sindano.

Watafiti wawili, Juanita González-Uribe na Michael Leatherbee, waliitumia orodha hiyo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Hoja yao ni rahisi kuielewa. Kampuni iliyoshika nafasi ya mwisho kati ya zilizochukuliwa na ile iliyofuata ikaachwa zinafanana karibu kwa kila kitu, isipokuwa kwamba moja ilipata fedha na ofisi na nyingine haikupata. Kama fedha na ofisi ndizo zinazovuta wawekezaji, tofauti ingeonekana hapo. Hawakuona ushahidi wa tofauti hiyo. Ndani ya programu, hata hivyo, kulikuwa na kundi dogo la kampuni zilizochaguliwa tena baada ya kujieleza mbele ya majaji, zikaingizwa katika kile kilichoitwa shule: kukutana mara kwa mara na wasimamizi na wataalamu wa sekta, kuweka malengo, na kurudi kuulizwa kama malengo yale yametimizwa. Zilizopata vyote kwa pamoja, fedha na ofisi pamoja na shule, zilivuta mitaji mingi zaidi na kukua zaidi kuliko zilizopata fedha na ofisi peke yake.

Napenda matokeo haya kwa sababu yanaumiza pande zote mbili za ubishi wetu. Wale wanaosema vijana hawahitaji mafunzo, wapewe fedha tu, wanapata shida hapa. Wale wanaosema semina zinatosha wanapata shida vilevile, kwa sababu shule iliyofaa haikuwa semina ya siku tatu hotelini yenye chai na posho. Ilikuwa ni mtu yuleyule kukaa mbele ya mtu yuleyule kila baada ya muda na kumwuliza, uliahidi wateja thelathini, mbona naona tisa? Anayejua kwamba ataulizwa hujipanga tofauti na anayejua kwamba atapigiwa makofi.

Ushahidi wa pili unatoka Marekani, na ingawa unahusu ruzuku badala ya vituo atamizi, unagusa swali lilelile la jinsi fedha za umma zinavyoweza kutangulia na za watu binafsi zikafuata. Kwa sheria ya mwaka 1982, wizara na idara kubwa za serikali ya Marekani zililazimishwa kutenga sehemu ya fedha zao za utafiti kwa ajili ya kampuni ndogo, kwa awamu: ruzuku ndogo ya kujaribu kwanza, kisha kubwa zaidi kwa watakaofaulu. Sabrina Howell alichunguza ruzuku za Wizara ya Nishati na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Ruzuku ya awamu ya kwanza, ya dola 150,000, iliongeza uwezekano wa kampuni kupata baadaye mtaji wa ubia (fedha za wawekezaji wanaonunua hisa za kampuni changa) kutoka karibu asilimia 10 hadi karibu asilimia 19. Ruzuku ya awamu ya pili, iliyofika karibu dola milioni moja, haikuwa na nguvu hiyo.

Kuna maelezo mawili yanayoshindana kuhusu kwa nini ruzuku ndogo ilifanya kazi hivyo. La kwanza ni kwamba ruzuku ya serikali ni kama muhuri: wataalamu wa wizara wamekagua, wameridhika, kwa hiyo mwekezaji anaamini. Josh Lerner alilipa uzito maelezo haya katika utafiti wake wa mwaka 1999 kuhusu programu hiyohiyo. La pili ni kwamba ruzuku ililipia jaribio. Kampuni ilitengeneza mfano wa kwanza wa mashine yake, ikaupima, na hali ikabadilika kutoka "tunaamini itafanya kazi" kuwa "hivi ndivyo ilivyofanya kazi". Howell anaegemea maelezo ya pili, na jambo lililonishangaza zaidi katika utafiti wake ni kwamba alama walizotoa maofisa wa wizara wakati wa kuchagua hazikusaidia kubashiri ni kampuni ipi ingefanikiwa. Maofisa hawakuwa na jicho la kumtambua mshindi, na bado fedha zilifanya kazi.

Hili ni faraja kubwa kwa nchi zetu, ambako kila mjadala wa serikali kusaidia kampuni chipukizi huishia kwenye swali la nani katika ofisi ya umma ana ujuzi wa kuchagua. Tukichagua kwa uaminifu, bila shemeji wa mkurugenzi kuingizwa kwenye orodha, tunaweza kukosa uwezo wa kutabiri na bado tukapata faida, ili mradi fedha zinanunua jibu la swali ambalo mwekezaji angeuliza. Je, mashine inakausha maembe kwa gharama inayolipa? Je, mwenye duka anayepewa programu bure mwezi wa kwanza anakubali kulipia mwezi wa pili? Swali likishajibiwa kwa namba, hata kama jibu ni hapana, fedha zimefanya kazi yake, na jibu la hapana lililopatikana kwa shilingi milioni kumi ni nafuu kuliko lililopatikana kwa milioni mia tano za mwekezaji ambaye hatarudi tena.

Niingie sasa kwenye faili lenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapokaa kila siku. Nitachukua mfano uliochanganywa kutoka kampuni kadhaa, ili asijulikane mtu. Kampuni ina vijana watatu na programu ya simu inayowasaidia wasambazaji wa vinywaji kufuatilia madeni ya wenye maduka. Wateja wapo, na wanaipenda. Mwekezaji ameonyesha nia na ameomba nyaraka. Taarifa ya BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, inaonyesha wanahisa watatu wenye asilimia 40, 30 na 30. Wa tatu alipata ajira Dodoma mwaka uliopita na hajagusa kazi ya kampuni tangu hapo, lakini asilimia 30 zake bado ni zake, na hakuna mkataba wa wanahisa unaosema nini kinatokea mmoja akiondoka. Programu yenyewe iliandikwa na fundi aliyelipwa kwa vipande kupitia simu, na hakuna karatasi inayosema ni mali ya nani. Malipo ya wateja yanaingia kwenye namba ya simu ya mmoja wa waanzilishi, namba hiyohiyo anayolipia ada ya mdogo wake na kununulia umeme wa LUKU. Ritani za kodi za TRA zimerukwa miezi kadhaa kwa sababu "hatukuwa na faida".

Kisha linakuja jedwali la mapato. Limeandikwa vizuri, lina rangi, na linaonyesha kwamba kampuni iliingiza shilingi milioni 68 kwa mwaka. Ukilisoma mstari kwa mstari unakuta milioni 41 kati ya hizo ni zawadi za mashindano na ruzuku za mashirika mawili. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kwa mtu asiyefundishwa, fedha iliyoingia ni fedha iliyoingia. Lakini mwekezaji anayeligundua hilo peke yake, katika wiki ya tatu ya uhakiki, haoni kosa la uhasibu. Anaona watu asioweza kuwaamini, na anaondoka kwa barua pepe ya heshima isiyotaja sababu. Nimeona barua hizo, na waanzilishi huzisoma kama ushahidi kwamba wawekezaji hawaipendi sekta yao.

Kituo atamizi kinachojua kazi yake kinayatatua haya yote kabla mwekezaji hajafika. Kinawalazimisha waanzilishi waandike mkataba wa wanahisa unaosema hisa hupatikana kidogo kidogo kwa miaka ya kufanya kazi, na kwamba anayeondoka mapema huondoka na alichokifanyia kazi tu. Kinaandaa hati ya fundi kuikabidhi programu kwa kampuni. Kinafungua akaunti ya benki ya kampuni na kuifanya ndiyo njia pekee ya fedha kuingia. Kinatenganisha mauzo na ruzuku tangu mwezi wa kwanza. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka mtandaoni, na kampuni moja ikiamua kuigharamia peke yake kwa wakili na mhasibu wa mjini itajikuta imemaliza akiba. Lakini wakili mmoja na mhasibu mmoja wakihudumia kampuni ishirini zilizo chini ya paa moja, kwa mikataba ya mfano ambayo imekwisha kunyooshwa, gharama kwa kila kampuni inashuka hadi kuwa ya kawaida. Hapa ndipo ninapoona hoja halisi ya kutumia kodi: soko lenyewe halina mtu wa kuigharamia kazi hii, kwa sababu faida yake inasambaa kwa kampuni, kwa mwekezaji wa kwanza, na kwa mwekezaji wa pili ambaye hata hajajulikana.

Na kuna jambo linalofuata. Mwekezaji aliyekagua kampuni tatu kutoka kituo kimoja na kukuta hesabu za zote tatu ziko sawa, akipelekewa ya nne hataanza tena na sifuri. Kwa njia hiyo ule muhuri alioutaja Lerner unapatikana, lakini umepatikana kwa jasho, na unaweza kupotea kwa kampuni moja tu iliyopenyezwa kwa simu ya mkubwa.

Israel ni mfano unaotajwa kila mahali, mara nyingi kwa ushabiki, kwa hiyo nitausogeza haraka na kubaki na sehemu moja inayonivutia. Mwaka 1991, wahamiaji kutoka Umoja wa Kisovieti, wengi wao wahandisi na wanasayansi, walipokuwa wakimiminika nchini humo, serikali ilianzisha vituo atamizi vya teknolojia chini ya Ofisi ya Mwanasayansi Mkuu. Mradi ulikaa kituoni kwa takriban miaka miwili, serikali ikigharamia hadi asilimia 85 ya bajeti iliyoidhinishwa, na kampuni ikifanikiwa kuuza ililipa mrabaha, yaani sehemu ya mauzo yake. Wahandisi walipatikana, bidhaa zikapatikana, lakini mitaji ya watu binafsi haikutosha. Mwaka 1992 serikali ikajaribu kwanza mpango ulioitwa Inbal, ambao uliwahakikishia wawekezaji kufidiwa hadi asilimia 70 ya mtaji wa mifuko iliyouza hisa kwenye soko la hisa la Tel Aviv. Haukufanikiwa. Mwaka 1993 ikaja Yozma, yenye dola milioni 100, ambayo ilifanya kinyume kabisa: serikali iliingia ubia wa hadi asilimia 40 katika mifuko kumi ya mtaji, ikadai kila mfuko uwe na mshirika wa kigeni mwenye uzoefu, kisha ikawapa washirika binafsi haki ya kuinunua sehemu ya serikali ndani ya miaka mitano kwa bei ya awali pamoja na riba. Mifuko minane kati ya kumi ilitumia haki hiyo.

Ukimfidia mwekezaji akipata hasara, unamwondolea sababu ya kukesha. Ukimwachia faida yote kama kampuni itafaulu, anakesha mwenyewe, anampigia mwanzilishi simu Jumapili, anamtafutia mteja Ulaya. Serikali ya Israel ilinunua juhudi za watu wenye ujuzi kwa kuachia faida ambayo kwa haki ingekuwa yake, na ninajua kwamba sentensi hii ingekuwa ngumu kuitetea mbele ya kamati ya Bunge popote pale.

Kwetu Tanzania wazo la serikali kumpa mzalishaji mdogo banda, umeme na mtaalamu wa kumshauri si geni. SIDO, shirika la umma la kuhudumia viwanda vidogo, iliundwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo. Kwa upande wa teknolojia, mahali pa kuanzia ni jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale Kijitonyama, ambalo wakazi wa Dar es Salaam wanalijua kwa sababu kituo cha daladala cha jirani kinaitwa Sayansi. Humo ndani kilizaliwa DTBi, kituo atamizi cha biashara za TEHAMA, na humo ndani ikazaliwa Buni, sehemu ya kulelea wabunifu, iliyoanza mwaka 2011 chini ya programu ya TANZICT iliyogharamiwa kwa ushirikiano wa serikali za Finland na Tanzania. Maxcom, ambayo wengi waliijua kwa mashine za Maxmalipo za kulipia umeme na bili nyingine mitaani, ni miongoni mwa kampuni zilizopitia DTBi. Nairobi nao walipata mwaka 2012 Kituo cha Ubunifu wa Tabianchi cha Kenya, kupitia programu ya infoDev ya Benki ya Dunia na fedha za Denmark na Uingereza, kikiwa katika Chuo Kikuu cha Strathmore.

Angalia fedha zinatoka wapi. Ni fedha za umma, ndiyo, lakini sehemu kubwa ni za umma wa Helsinki, Copenhagen na London. Sisemi hivi kwa kuwabeza. Bila wao vitu vingi visingeanza. Ila mradi wa mfadhili una tarehe ya kufa iliyoandikwa siku unapozaliwa. TANZICT ilimalizika mwaka 2016. Kampuni changa inahitaji miaka mitano hadi saba kabla mwekezaji hajaona matunda, wakati mradi una miaka mitatu au minne, na mwaka wa mwisho kati ya hiyo huishia kwenye ripoti. Matokeo yake ni kwamba meneja wa kituo hupima kinachoweza kupimika ndani ya muda wake, yaani vijana waliofundishwa, wanawake waliohudhuria, mashindano yaliyofanyika, wala hana namna ya kusubiri hadi aone kama kampuni ya mwaka wa kwanza imepata mtaji katika mwaka wa sita. Mtu aliyekuwa akimpigia mwanzilishi simu kuuliza kuhusu wale wateja thelathini amekwisha hamia mradi mwingine, na kile kilichofanya kazi Santiago kimekatika hapo.

Kuna tatizo la pili ambalo ni letu wenyewe, na ninaliona dogo kwa jina na kubwa kwa athari: hoja ya ukaguzi. Ofisa wa umma aliyenunua viti hamsini anaweza kumwonyesha mkaguzi viti hamsini. Ofisa aliyetoa fedha kwa kampuni kumi, saba zikafungwa, mbili zikabaki zikihema na moja ikavuta mtaji mkubwa, amefanya kazi ambayo mwekezaji yeyote mzoefu angeisifu, lakini kwenye taarifa ya ukaguzi ataonekana na miradi saba iliyoshindwa. Mtu mwenye akili na mwenye familia atanunua viti. Sheria za fedha za umma hazina lugha ya hasara inayotarajiwa, na mpaka fungu la namna hii litakapokaguliwa kama kapu moja, badala ya kila yai peke yake, tutaendelea kupata kumbi nzuri zilizo tupu. Suala la kituo cha umma kushika hisa katika kampuni linaangukia hapahapa. Kinadharia lina mvuto, kwani umma unafaidika kampuni ikikua. Kiutendaji, mwekezaji akisikia kwamba mmoja wa wanahisa ni taasisi ya serikali ambayo haiwezi kusaini mabadiliko ya katiba ya kampuni bila bodi, na bodi haikutani hadi robo ijayo, anaangalia saa. Mrabaha kama wa Israel, au ruzuku isiyo na hisa kama ya Chile, husumbua kidogo zaidi.

Tatizo la tatu haliwezi kutatuliwa na kituo atamizi chochote. Lerner aligundua kwamba kampuni zilizopata ruzuku ya Marekani zilikua kuliko wenzake pale tu zilipokuwa katika maeneo yenye wawekezaji wengi wa mtaji wa ubia. Kwingineko ruzuku haikuleta tofauti hiyo. Dar es Salaam ina watu wenye fedha, tena wengi. Fedha zao ziko kwenye viwanja vya Kigamboni, nyumba za kupangisha, mabasi, na hati fungani za muda mrefu za serikali ambazo zimekuwa zikilipa riba ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka bila usumbufu wowote. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeweza kuikopesha serikali akalala usingizi hana sababu kubwa ya kununua asilimia 15 ya kampuni ya vijana watatu ambayo hajui ataziuzaje hisa zake siku akihitaji fedha. Hivyo serikali inakuwa na mkono mmoja unaomtafutia kijana mwekezaji na mwingine unaomchukua mwekezaji huyohuyo. Ndiyo maana kampuni nyingi za Afrika zinazopata mtaji mkubwa hujisajili katika jimbo la Delaware, Marekani, na kutafuta fedha kwa wageni, na kituo atamizi kinachotaka kusema ukweli lazima kiwaambie waanzilishi mapema kwamba huenda nao wakaombwa kufanya hivyo, kiwaeleze gharama za kuwa na kampuni mama nje, na kodi inayofuata.

Programu ya FUNGUO, inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na iliyoanza kwa fedha za Umoja wa Ulaya, inatoa ruzuku kwa lengo hilohilo la kuzitangulia fedha za watu binafsi. Sitaihukumu hapa kwa kuwa muda haujatosha, lakini ningependa iwe, pamoja na programu nyingine za namna yake, na kitu kimoja kisichogharimu chochote: itunze orodha kamili ya waombaji na alama zao, pamoja na waliokosa kwa alama moja au mbili, na iwapigie simu hao waliokosa kila mwaka kama inavyowapigia waliopata. Bila orodha hiyo, kila kampuni iliyofanikiwa itahesabiwa kuwa mafanikio ya kituo, hata ile ambayo ingefanikiwa ikiwa ndani ya gereji ya mjomba.

Kwa mwanzilishi anayesoma haya na ana fomu ya maombi mbele yake, ushauri wangu ni wa vitendo. Usiulize kwanza kuhusu kiasi cha ruzuku. Omba majina ya kampuni zilizotoka kituoni miaka mitatu iliyopita, uwatafute waanzilishi wake, hata wale waliofunga biashara, na uwaulize ni nani aliyekuwa akikaa nao kila mwezi kupitia namba zao, kama mkataba wao wa wanahisa uliandikwa kabla au baada ya ugomvi, na mwekezaji alipokuja alikuta nini kwenye faili. Ukiona kwamba wanachokikumbuka ni mafunzo ya siku ya kwanza na fulana, chukua intaneti yao ukiihitaji, lakini bajeti ya wakili na mhasibu anza kuipanga mwenyewe.